Sange Aliyesikia Maji Chini ya Mchanga

Kisa kinakuja, kiko njiani.
— Na kije, njia tumeifagia.
Kina vumbi miguuni, mtakikaribisha?
— Kikaribie, tutakipangusa kwa masikio.

Hapo kale, na si kale sana, maana vyuo tayari vilikuwepo na wahitimu tayari walikuwa wamejaa nyumbani kwa mama zao, alikuwepo sange mmoja jina lake Nyamizi.

Kama hujawahi kumwona sange, ni mnyama mdogo, anaenea kwenye viganja viwili. Miguu myembamba kama njiti, macho makubwa, na pua ndefu inayochezacheza muda wote kama inatafuta kitu ilichokisahau. Ukimshtua hupiga miguu ya nyuma chini, ti-ti-ti-ti, ukigeuka hayupo.

Nyamizi aliishi na mama yake chini ya kichaka cha mkole, kando ya Mto Luhoma. Luhoma ulikuwa mto wa mchanga. Maji yalipita wiki chache wakati wa masika, yakishaondoka unabaki mchanga mweupe, mpana, unaong'aa mpaka macho yanauma. Mgeni akipita hapo kiangazi alikuwa haamini akiambiwa ni mto.

Mama yake hakusoma. Lakini alisema mwanawe atasoma, na akisema jambo alikuwa amesema. Kila msimu alikusanya mchwa, akawaanika, akawapeleka kwenye Chuo cha Majabalini kama chakula cha mwanafunzi, yeye mwenyewe akabaki anatafuna mbegu kavu. Miaka mitatu alifanya hivyo.

Huko chuoni Nyamizi alisomea kusikiliza ardhi. Mwalimu wake alikuwa Mhanga, yule mwenye masikio marefu anayechimba usiku na kulala mchana. Mhanga alimfundisha kwamba ardhi haiko kimya, ila inangoja kuulizwa. Ukipiga miguu juu ya jiwe, ti-ti-ti-ti, jiwe linajibu ka. Ukipiga juu ya mchanga mkavu, ti-ti-ti-ti, mchanga unajibu fu. Na ukipiga mahali penye maji chini, hata kama yako mbali, hata kama juu ni pakavu kama kigae, ukingoja, ukishika pumzi, utasikia ng'ooom.

Siku ya mtihani wa mwisho Nyamizi alipiga miguu juu ya jabali kubwa kuliko yote. Akangoja. Akasikia ka. Akaendelea kungoja. Halafu kutoka chini kabisa, chini ya mlima wenyewe, ikapanda sauti moja ndefu, ng'ooooom, ikapita kwenye kucha, ikapanda kwenye magoti, ikamkaa kifuani. Yalikuwa maji yanatembea gizani, mengi, yasiyojua kama kuna mtu juu. Nyamizi alikaa pale mpaka wenzake wote wakamaliza na kuondoka. Alikuwa amesahau kwamba ni mtihani.

Alifaulu. Akapewa jani la mkuyu lililogongwa muhuri wa kucha za Mhanga. Nyumbani mama yake aliita majirani, vigelegele vikapigwa, na jani likapitishwa mkono kwa mkono na watu waliolishika juu chini.

Ndipo akaanza kutafuta kazi.

Alikwenda kwa Ngiri, aliyesikika anatafuta mtu wa kumchagulia pa kuchimba mashimo. Ngiri alilitazama jani, akalisifu, akauliza kama ana uzoefu wa viangazi vitano. Nyamizi akajibu kwamba amemaliza chuo juzi, na uzoefu ataupata wapi kama hakuna wa kumwanzisha. Ngiri alisema hilo ni swali zuri sana. Kisha akaingia shimoni kinyumenyume, kama ngiri wanavyoingia, akaziba mlango kwa uso wake.

Akaenda kwa Mbuni. Mbuni alipokea nakala ya jani, akamwambia aende nyumbani, ataitwa. Nyamizi alikaa mwezi mzima masikio yamesimama. Jani likipeperuka, anadhani ameitwa. Tawi likivunjika, anadhani ameitwa.

Akaenda kwa Nyani. Kazi ya Nyani ilitangazwa asubuhi, lakini mpwa wake Nyani alikuwa ameianza jana yake.

Siku zikapita. Jirani mmoja akawa anamuuliza mama yake kila wakionana kama binti bado yupo yupo tu. Mama alijibu kwa upole kwamba yupo. Nyamizi akaanza kutokea upande wa nyuma wa kichaka ili asisalimiane na mtu, na lile jani akalisukuma chini ya nyasi za kulalia, mahali ambapo hataliona.

Mwenzake katika hali hiyo alikuwa Kanga mmoja, jina lake Sikudhani, aliyehitimu siku moja naye, ila yeye alisomea kutangaza. Sikudhani alikuwa na sauti ya kufika vilima vitatu. Sasa aliitumia kuwaamsha watoto wa dada yake.

Mwaka huo masika haikuja. Mwaka uliofuata haikuja tena. Tembo, wenye miguu mirefu, waliondoka mapema kuelekea machweo, mstari mmoja, wakubwa mbele na wadogo katikati, na vumbi lao lilikaa angani siku mbili. Walipoondoka nchi ilibaki kama nyumba iliyohamwa. Visima vilikauka, vijito vilikauka. Likabaki bwawa moja tu, na bwawa hilo lilikuwa la Bwana Kiboko.

Bwana Kiboko alikuwa mnene kama kilima kilichojifunza kutembea. Akipiga mwayo ndege walikuwa wanahama mti. Karani wake alikuwa Kongoti, yule ndege mrefu mwenye kipara na mfuko shingoni, na Kongoti alikuwa na kitabu cha sheria za bwawa. Sheria ya kwanza: atakayekunywa alete kwanza mzigo wa majani mabichi kwa ajili ya Bwana Kiboko. Katika nchi iliyokauka, wanyama walitembea kutwa kutafuta mzigo mmoja ili wanywe mara tatu: gubu, gubu, gubu, basi, toka, aje mwingine.

Ikafika siku Kongoti akatangaza kwamba Bwana Kiboko, kwa kuwahurumia vijana waliosoma, atawachukua kwa majaribio. Msimu mmoja bila malipo. Atakayefanya vizuri ataajiriwa, na familia yake itakunywa bila mzigo maisha yote.

Wahitimu walijaa. Nyamizi alikuwemo, Sikudhani alikuwemo. Walibeba majani, walizoa tope, waliokota kupe mgongoni kwa Bwana Kiboko akiwa amesinzia. Siku moja kundi la wahitimu lilichimba kando ya bwawa likapata kijichemchemi cha kutosha watu wanne. Walifurahi, wakainama kunywa. Kongoti akafungua kitabu akawasomea sheria ya tisa: chochote atakachochimba, atakachookota au atakachogundua mtu wa majaribio, si chake. Bwana Kiboko akaja akalala juu ya kijichemchemi hicho. Kikaisha.

Nyamizi hakuacha kusikiliza. Kila mapumziko alizunguka bwawa akipiga miguu. Mwanzoni bwawa lilijibu ng'om. Baada ya wiki mbili likajibu ng'. Akatambua kwamba maji yanaondoka, yanazama, yanakwenda mahali. Akaamua kuyafuata.

Aliyafuata asubuhi nne. Hatua kumi, ti-ti-ti-ti, anangoja. Hatua kumi, ti-ti-ti-ti, anangoja. Yalimpeleka mpaka kwenye mto wa mchanga, mpaka kwenye kona ya Luhoma ambapo ukingo mwekundu unasimama kama ukuta. Pale akapiga, akangoja, akasikia fu ya mchanga. Akangoja tena. Ikaja ka, ya udongo mgumu kama sakafu. Akaendelea kungoja.

Na chini ya sakafu ile yakajibu.

Hayakuwa ya bwawa moja. Yalikuwa ya mvua za zamani, mvua zilizonyesha kabla mama yake hajazaliwa, zote zimekusanyika zimelala pamoja. Sauti haikutoka mahali pamoja, ilitoka kulia, kushoto, mbele, mpaka Nyamizi akaona kama amesimama juu ya tumbo la mnyama mkubwa asiye na mwisho, anayepumua polepole. Mchanga ulikuwa unaunguza nyayo. Yeye alikuwa anatetemeka kama mwenye baridi.

Alirudi mbio akamwambia Kongoti. Kongoti aliandika kila neno, kwa sababu alikuwa haachi kuandika, akampeleka kwa Bwana Kiboko.

"Shikamoo Bwana," akasema Nyamizi.

Bwana Kiboko hakufungua macho. "Marahaba. Sema haraka."

"Bwawa linakufa, Bwana. Lakini kuna maji mengi chini ya kona ya Luhoma, chini ya udongo mgumu. Yanatosha nchi nzima."

Bwana Kiboko alipiga mwayo. Kisha akasema taratibu, "Wewe uko kwenye majaribio. Mtu wa majaribio hasikilizi. Anabeba." Akageuka upande wa pili.

Msimu ulipokwisha, Kongoti aliwapanga wahitimu mstari mmoja akawaeleza kwamba hakuna aliyefaulu. Wote walikosa uzoefu. Nyamizi akauliza, kwa heshima, ule msimu mzima waliofanya kazi ni nini. Kongoti akajibu kwamba yalikuwa majaribio, na majaribio si kazi. Wengine walikuwa wameshasimama foleni nyuma yao, wahitimu wapya, na majani yao yenye muhuri mikononi.

Nyamizi alifika nyumbani akamkuta mama yake amelala ubavu, ulimi umekauka. Hakuwa na nguvu ya kubeba mzigo wa majani tena. Alifungua jicho moja akauliza kama kazi imepatikana. Nyamizi alisema inakaribia. Akatoka nje, akalia kidogo, machozi machache, kwa sababu hata maji ya kulia hayakuwepo.

Asubuhi yeye na Sikudhani walikwenda kwenye kona wakachimba. Sikudhani aliparura, Nyamizi alizoa. Mchanga ulirudi. Wakaparura, wakazoa, mchanga ukarudi. Kufika mchana shimo lilikuwa linaweza kuzika pera moja. Wakakaa wakitazamana.

Nyamizi alisema kwamba kinachohitajika pale si akili, ni uzito. Na uzito wote wa nchi ile ulikuwa umelala kwenye bwawa moja ukingoja kuletewa majani. Akamuuliza mwenzake kama bado anaweza kutangaza. Sikudhani alicheka kwa mara ya kwanza tangu ahitimu.

Kesho yake asubuhi sauti ilifika vilima vitatu. Ilisema kwamba kuna nafasi ya kazi, moja tu, ya Mkuu wa Mito Yote, inayotiririka na iliyokauka. Mwombaji awe na mwili mzito, mdomo mpana, na awe amezoea kutawala maji. Usaili utafanyika kona ya Luhoma, kwa vitendo. Wenye mashaka na uwezo wao wasijisumbue.

Bwana Kiboko aliposikia alisimama ndani ya bwawa, maji yakamwagika pande zote. Mito yote, akajisemea. Akamwambia Kongoti amfuate na kumkinga jua kwa mabawa, wakaondoka, na kwa mara ya kwanza katika misimu miwili bwawa likabaki halina mwenyewe.

Alikuta kwenye ukingo mwekundu Kanga amekaa upande mmoja na sange upande mwingine, mbele yao majani yamepangwa vizuri kama karatasi za usaili. Nyamizi alikuwa ameogopa kwamba atamtambua. Lakini Bwana Kiboko alimwangalia kama mtu anavyoangalia kijiti, akauliza mwenye usaili yuko wapi. Msimu mzima alikuwa ameokotwa kupe na mikono ile, na hakuwahi kutazama uso.

Kongoti alimtambua. Alimeza mate, mfuko wa shingoni ukapanda na kushuka. Akanyamaza.

Sikudhani alieleza masharti. Mkuu wa mito lazima aonyeshe kwamba mto unamtii, hivyo achimbe mahali palipochorwa duara mpaka tumbo lake lisikie ubaridi. Bwana Kiboko akauliza kama wako waombaji wengine. Sikudhani akasema hairuhusiwi kuwataja, ila mmoja ana mkonga.

Bwana Kiboko hakuuliza la pili. Aliingiza mdomo mchangani, fuuu, akatupa. Fuuu, akatupa. Mchanga uliruka kama mvua ya juu chini. Jua lilipokuwa kali alitoka akihema, akauliza kama amepata.

"Uko kwenye majaribio, Bwana," Nyamizi akamjibu.

Siku ya pili fuuu, akatupa, fuuu, akatupa. Shimo likameza miguu yake. Akatoka akauliza kama amepata. Akaambiwa yuko kwenye majaribio.

Na huku nyuma, asubuhi hizo zote, wanyama walikunywa bwawani bila mzigo. Walikunywa kimyakimya, wakitazama nyuma. Nyamizi alipitia huko kila siku mara usaili ulipoisha, akiwahi kabla Bwana Kiboko hajarudi, akajaza maji mdomoni, akaenda kuyaachia polepole kwenye ulimi wa mama yake, tone baada ya tone. Siku ya pili mama aliweza kukaa. Hakuuliza yametoka wapi.

Siku ya tatu habari ilikuwa imeenea na nchi nzima ilikuja kutazama. Nyati walikuja, pundamilia walikuja, swala na watoto wao, wahitimu wote wa majaribio ya misimu yote. Bwana Kiboko alidhani wamekuja kumshangilia, akachimba kwa madaha. Shimo lilimfunika mgongo. Ikasikika ka. Amegonga sakafu.

Akasema hapa ni mwisho, hakuna kitu.

Nyamizi alishuka mpaka ukingoni mwa shimo. Alipiga miguu, ti-ti-ti-ti, akafumba macho, akangoja. Umati wote ukangoja naye bila kujua unangoja nini. Kisha akasema kwamba imebaki hatua moja: Bwana asimame katikati, aruke mara moja tu, kwa uzito wake wote.

"Yule mwenye mkonga aliruka?" akauliza Bwana Kiboko.

"Yeye hakufika hapa ulipofika," akasema Nyamizi, na hilo lilikuwa kweli.

Bwana Kiboko akaruka. Gubuuu.

Kwanza haikutokea kitu. Halafu ikasikika sauti ndogo, kama mtu anayevuta pumzi chini ya blanketi. Sakafu ikapasuka ufa mmoja mrefu, na kwenye ufa ule ukatoka upepo wa baridi. Ulikuwa na harufu ya mvua. Wanyama waliokuwa na watoto waliozaliwa katika ukame waliwaona watoto wao wakiinua pua na kushangaa, kwa sababu harufu ile hawakuwahi kuisikia.

Kisha maji yakaja. Hayakuruka wala kupiga kelele. Yalipanda tu, meusi kwanza, halafu ya udongo, halafu meupe kabisa, yakibeba chembe za mchanga zinazocheza ndani yake kwenye mwanga. Yalifika kwenye magoti ya Bwana Kiboko. Yalifika tumboni. Yaliendelea kupanda, yametulia, kama yenye safari ndefu na hayana haraka, mpaka anga lote la buluu likaonekana limelala ndani ya shimo.

Hakuna aliyekunywa. Nyati, ambao kawaida husukuma kila mtu, walirudi nyuma hatua mbili. Swala jike alimvuta mtoto wake karibu. Sikudhani, mwenye sauti ya vilima vitatu, alifungua mdomo hakikutoka kitu. Na Nyamizi, aliyeyajua maji yale kabla ya wote, aliyeyasikia na kuyapima, aliona kwamba kumbe hakuwa ameyajua.

Wa kwanza kusema alikuwa Bwana Kiboko. Alisema maji ni yake, ameyachimba mwenyewe, na atakayekunywa alete mzigo.

Nyamizi akasema kwa sauti ndogo, lakini kulikuwa kimya hivyo wote walisikia: "Bwana, atakachochimba mtu wa majaribio si chake. Ni sheria ya tisa. Kongoti anayo."

Kongoti akafungua kitabu. Akakitazama muda mrefu. Akasema, ndiyo, ipo.

Wahitimu hawakucheka. Walisogea tu mbele, mmoja mmoja, mpaka ukingo ukajaa. Bwana Kiboko akafungua mdomo wake wote, ule wa kuhamisha ndege, akaanza kupanda kumfuata Nyamizi. Nyamizi hakukimbia. Alikuwa amesikia kitu kingine. Kilikuwa kinatoka mbali, upande wa machweo, kinapita kwenye ardhi na kuingia kwenye kucha zake: du. Du. Du.

"Wanakuja," akasema.

Vumbi likaonekana, jekundu, refu. Halafu migongo. Tembo walikuwa wamesikia kwa nyayo kishindo cha siku tatu kutoka nchi waliyokimbilia, wakageuza safari, na ule upepo wa baridi ukawahimiza. Walikuja mstari mmoja, wakubwa mbele, wadogo katikati, wamekonda, ngozi zimewaning'inia, na walipofika ukingoni walisimama wakaziba jua. Kivuli chao kilimfunika Bwana Kiboko na shimo na wote waliokuwepo. Bwana Kiboko alifunga mdomo.

Aliyewaongoza alikuwa Bibi Magoli, jike mzee kuliko wote. Aliyatazama maji, asiyaguse.

"Nani aliyejua yako hapa?" akauliza.

Bwana Kiboko akasema ndiye aliyechimba.

"Sikuuliza nani amechimba."

Kongoti akakohoa. Akafungua kitabu chake kwenye ukurasa wa msimu uliopita, akasoma kwa sauti kila neno aliloliandika siku ile: kona ya Luhoma, chini ya udongo mgumu, yanatosha nchi nzima. Akasoma na jina la aliyesema. Kisha akasogea mbali kidogo na bosi wake, maana yeye naye alikuwa na kiu.

Bibi Magoli alipiga magoti. Tembo mzima, mbele ya sange. Alinyoosha mkonga mpaka ncha yake ikakaa karibu na ile pua ndogo inayochezacheza, akaiangalia kwa muda, akasema pua hiyo inafanana na za kwao. Kisha akamuuliza, "Umewahi kuifanya kazi hii?"

Nyamizi angeweza kutaja chuo. Angeweza kutaja majaribio. "Mara moja, Bibi," akasema. "Leo."

"Inatosha. Sisi tunatembea nchi saba na kila mwaka tunapoteza watoto kwa kiu. Utakaa nyuma ya sikio langu, utatuambia pa kuchimba. Mama yako atakunywa kwanza, kabla yetu. Unakubali?"

Nyamizi alitaka kujibu kama mtu aliyesoma. Hakuweza. Miguu yake ilijibu yenyewe, ti-ti-ti-ti, na kutoka chini ya wote waliosimama pale, tembo na nyati na swala, maji yakaitikia, ng'ooom, na safari hii kila mmoja aliyasikia kwenye nyayo zake.

Mama aliletwa kwenye mkonga wa tembo mdogo. Akanywa. Ndipo wakanywa wote.

Bwana Kiboko alikuwa bado amesimama pembeni. Akamwendea Sikudhani akamuuliza polepole kuhusu ile nafasi. Sikudhani akasafisha koo, akasema kwa sauti ya vilima vitatu kwamba wanamshukuru kwa kuomba, kwamba waombaji walikuwa wengi na wenye sifa, na kwamba kwa bahati mbaya safari hii hakufanikiwa. Bwana Kiboko akauliza amekosa nini. Akaambiwa uzoefu. Amechimba siku tatu tu.

Bwawa lake lilikauka mwezi uliofuata, kama alivyoambiwa. Akahamia kwenye maji ya kona, akakubaliwa kukaa upande mmoja, bila kitabu, bila mzigo. Yuko huko mpaka leo. Watoto wakimuuliza huwaambia kwamba maji yale aliyachimba yeye, na hilo, kwa kweli, si uongo. Nyamizi hupita kila masika, juu kabisa, nyuma ya sikio la Bibi Magoli, na kutoka chini huwezi kumwona. Unaona tu tembo mkubwa anasimama ghafla katikati ya nchi kavu, anainua mguu mmoja, ananyamaza, kama anayeambiwa kitu.

Basi, ninyi mliohitimu, sikilizeni fundisho, maana ngano bila fundisho ni porojo. Vumilieni majaribio. Msiulize malipo, mtaonekana hamna adabu. Mkiambiwa mkae nyumbani mtaitwa, kaeni, mtaitwa. Mkubwa akilala, msimwamshe kwa habari za maji. Na zaidi ya yote, msitangaze kazi ambayo haipo, ni dhambi, isipokuwa kama mwombaji ni mnene sana na mna shimo la kuchimbwa.

Kisa kimefika, kinaomba pa kukaa.
— Kikae, tumekisogezea kigoda.
Kikiulizwa nani amekileta?
— Tutasema hana uzoefu.